Kabla hujazima gari lenye tabo

Magari ya tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) iliyokufa huja gereji kwetu Nyakato, Mwanza, na malalamiko yaleyale: moshi wa bluu, nguvu zimepungua mlimani, oili inapungua wakati chini hakuna tone. Mara nyingi mwenye gari ameshaambiwa na majirani kwamba injini imekwisha. Mimi huanza na swali moja: ukitoka safari ndefu, unazimaje?

Ndani ya tabo kuna shafti moja. Upande mmoja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, upande wa pili inasukuma hewa kuingia kwenye silinda. Ukiwa umekanyaga mafuta barabarani, shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoipiga, hata kwenye dizeli, unaweza kupita nyuzi joto 600. Chuma hakigusi chuma. Shafti inaelea kwenye utando mwembamba wa oili ndani ya bushi inayoishikilia, na oili hiyohiyo ndiyo inayoondoa joto katikati ya tabo. Pampu ya oili, kwa upande wake, inazungushwa na injini.

Sasa zima ghafla. Pampu imesimama, oili imesimama, lakini nyumba ya tabo upande wa ekzosi bado ina moto mkali. Joto lile linahamia katikati, kwenye oili kidogo iliyobaki, nayo inaungua na kuacha masizi magumu kama ya kikaango cha sato kisichosuguliwa. Masizi yanaziba njia ya oili na kukwaruza bushi. Shafti ikianza kucheza, sili zinazozuia oili zinaachia, oili inapenya kwenye ekzosi, na hapo ndipo unapouona ule moshi wa bluu. Kuzima vibaya mara moja hakuui tabo. Kuifanya kila safari, tena kwa oili iliyopitiliza muda wa kubadilishwa, kunaiua kabisa.

Ndiyo maana nawaambia wateja wangu waangalie zile kilomita za mwisho kuliko saa. Anayetoka Musoma, akishapita Kisesa na kuingia foleni ya Igoma, tabo yake imeshapoa njiani. Akifika Kirumba, nusu dakika inamtosha. Wa kuonewa huruma ni yule anayekuja kasi kisha anasimama papo hapo Lamadi kununua samaki, au anakunja moja kwa moja kituo cha mafuta Usagara, mahali ambapo lazima azime. Kivuko cha Kigongo–Busisi nacho kilizoesha watu vibaya: dereva anaona watu wanapakia, anakimbiza gari, anaingia, anazima. Tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 2025 mbio hizo pale hazina sababu tena, ila wanaotoka Sengerema kuwahi kivuko cha Kamanga bado wanazo.

Punguza mwendo kilomita mbili tatu kabla ya kusimama. Ukishindwa, acha injini ingurume yenyewe dakika moja hadi mbili bila kugusa mafuta. Kukaa robo saa hakuongezi faida, ni kuchoma dizeli tu. Na tafadhali, acheni kupiga resi kabla ya kuzima! Unaipandisha tabo kasi, halafu unaikata oili palepale. Sijaona tabia mbaya kuliko hiyo.

Wenye IST za kawaida na Hiace za injini ya 5L hawana tabo, kwa hiyo wazime wakifika. Feni ya rejeta ikiendelea kulia baada ya kuzima, iache imalize kazi yake. Lakini ukisikia maji yakichemka na kutokota kwenye chupa ya akiba kila ukizima, kagua mfuniko wa rejeta. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyobanwa huchemka huku karibu nyuzi 96. Mfuniko ukishindwa kushika presha, maji yaliyosimama kwenye silinda hedi yenye moto yanachemka mapema. Usiufungue kabla injini haijapoa.

Jambo jingine ni kwa wanaoegesha Bugando, Mabatini na miteremko mingine ya mjini kwetu, wenye gia otomatiki. Wengi wanaweka P (gia ya kuegesha) kisha wanaachia breki, gari linajisogeza na kuegemea kile chuma kidogo kinachofunga gia ndani ya giaboksi. Ukiwa umekanyaga breki, weka N (gia huru), vuta handibreki, achia breki ya mguu gari likalie handibreki, kanyaga tena, weka P, ndipo uzime. Ukiwa unasikia kishindo kila asubuhi unapotoa gia kwenye P, uzito wa gari umelala kwenye chuma kile usiku kucha. Anza kwa kukaza waya wa handibreki kabla hujakubali kushusha giaboksi.