Kabla ya kuvutwa na tiara, jifunze kuizima

Maji yakijaa hapa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, anga hutapakaa tiara kubwa za rangi zinazovuta watu waliosimama kwenye ubao majini, mchezo wa kaiti, na kila anayesimama ufukweni huniuliza mimi mkufunzi swali lile lile: mimi nitaingia majini lini? Jibu langu huwaudhi wengi. Siku ya kwanza huingii majini. Unakuja maji yamekupwa, tunasimama mchangani, nakukabidhi kitiara cha mita mbili za mraba, ukubwa wa kitanda cha futi tatu na nusu. Kijana mwenye misuli hukitazama kwa dharau. Baada ya dakika kumi huwa amekaa chini, mchanga umejaa mfukoni, ananiuliza kimetokea nini.

Kilichotokea ni hesabu. Nguvu ya upepo haikui sawasawa na kasi yake, hukua kwa mraba. Upepo wa noti 20 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo) hauvuti mara mbili ya ule wa noti 10, unavuta mara nne. Hata ukipanda kutoka 10 hadi 14 tu, kiasi ambacho shavu lako halikitambui vizuri, mvuto umekaribia kuwa maradufu. Halafu tiara yenyewe ikikimbia angani hujitengenezea upepo wake juu ya ule uliopo. Ndiyo maana kitiara kilichotulia unaweza kukishika huku unazungumza na simu, na hicho hicho kikikatiza mbele yako kwa kasi kinakung'oa ulipo.

Kwa hiyo cha kwanza ni kujua kinavuta wapi na hakivuti wapi. Upe upepo mgongo. Chukua kifuu cha nazi, kipasue nusu tena, kisha ufikirie kipande hicho kimekuwa kikubwa na kimesimama mbele yako, wewe uko chini, katikati ya mdomo wake. Tiara haiwezi kutoka nje ya hapo. Kwenye kingo zake, yaani kulia kabisa, kushoto kabisa na juu ya utosi, inatulia. Katikati, mbele ya kifua chako, ndiko kwenye mzigo. Wakufunzi wa kigeni hueleza haya kwa uso wa saa, kumi na mbili ikiwa utosini. Nilijaribu nikaacha. Nilimwambia kijana wa Jambiani aipeleke saa tisa, nikimaanisha kushoto, akaipeleka kulia, tena kwa haki yake: saa tisa alasiri mshale mfupi huelekea kwenye tatu.

Kuiongoza si kazi. Vuta mkono wa kulia, inakwenda kulia. Vuta wa kushoto, inakwenda kushoto. Kosa la kila mtu ni kuvuta mikono yote miwili kifuani anapoogopa, kama anayezuia ng'ombe. Kwenye tiara ya kamba mbili hilo halifanyi lolote, kamba zikivutwa sawa tiara haijui umeomba nini. Kosa la pili ni kuinua mikono juu ya kichwa. Iweke usawa wa kitovu, legeza mabega, tazama tiara badala ya mikono.

Baada ya hapo wanafunzi wote hutaka kuchora nane angani ili waburutwe. Nasema subiri. Kwanza niachie mpini.

Somo hili la kuachia nalirudia mara ishirini kwa siku. Tiara nzuri ya kujifunzia ina kamba ya usalama inayobaki mkononi: ukiachia mpini, tiara inakunjika upande, inakosa upepo na kuanguka kama shuka lililodondoka kambani. Zile za kamba nne zenye vishikio viwili nazo huzimwa hivyo hivyo, kwa vikuku vya kifundo cha mkono vinavyovuta kamba za breki ukiachia. Inaonekana rahisi. Lakini mwili ukishtuka vidole hukaza, havilegei. Lazima uvizoeshe kulegea wakati hakuna hatari, mpaka viachie vyenyewe. Mkanda wa kiunoni wenye ndoano ya kujifunga na tiara usiuguse kabla ya hapo.

Mimi sikuzoeshwa. Mwaka wangu wa kwanza niliazima tiara ya mita tano siku ya kusi kali, nikaburutwa mpaka ndani ya shamba la mwani la mama mmoja, nikang'oa vijiti vyake safu mbili. Alinitazama nimelala kwenye maji ya vifundoni, akasema, "Mwanangu, hilo dude lako lingemkuta mtu je?" Kesho yake nilirudi na nyundo kuvichomeka upya. Wanawake wa pwani hii wanalima mwani kwenye mchanga huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla kaiti haijafika. Tiara inakwenda walipoacha nafasi, si kinyume chake.

Ukishaweza kuizima, dunia ya nchi kavu inafunguka. Kuna ubao wa magurudumu manne ya upepo, na kuna kigari cha magurudumu matatu unachokalia chini kabisa, ukikiongoza kwa miguu kwenye gurudumu la mbele. Vigari vingi havina breki, breki ni tiara yenyewe. Wazo ni la zamani kuliko wanavyodhani vijana. Mwalimu wa shule wa Bristol, Uingereza, George Pocock, alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1826 ya gari lililovutwa na tiara badala ya farasi. Kigari cha leo kilienea kuanzia mwaka 1990 hivi, kutokana na kazi ya Peter Lynn wa New Zealand. Tiara za vifuko zinazojazwa na upepo wenyewe zina asili kwa Mmarekani Domina Jalbert, miaka ya 1960. Kigari kinataka ardhi ngumu, pana na tupu: ziwa kavu la Ivanpah huko California, au ufukwe wa St. Peter-Ording Ujerumani. Aliyewahi kuendesha ngalawa hukielewa haraka. Huwezi kwenda moja kwa moja upepo unakotoka, unabisha, huku na huku. Anachokishangaa ni kwamba kigari kinaweza kuushinda upepo wenyewe kwa kasi.

Kuhusu upepo wenyewe, sisi tumebarikiwa. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, na kusi, Juni mpaka Septemba, zote huingia pwani ya mashariki zikitoka baharini kwa mshazari, hazijagonga kitu. Upepo uliopita minazini au juu ya mapaa ya hoteli umevurugika, tiara inapanda na kushuka kama lifti mbovu, na anayeanza hudhani kosa ni lake. Anza na noti 8 hadi 12, yaani kilomita 15 hadi 22 kwa saa. Nunua kipima upepo cha mkononi kabla ya tiara. Mbele yako acha nafasi kubwa kuliko urefu wa kamba mara mbili, pasiwe na nyaya za umeme wala watoto. Kamba hizi ni nyembamba na ngumu, zikikazika hukata ngozi kama wembe, kwa hiyo usizishike kwa mkono mtupu hata kwa kusaidia mtu. Wingu jeusi la mvua likionekana, kunja. Upepo hubadilika kabla ya tone la kwanza.

Ukinunua ya mitumba, funga kamba zote kwenye msumari mmoja, zinyooshe, uvute. Moja ikizidi mwenzake kwa upana wa vidole viwili, tiara itajipinda upande mmoja nawe utalaumu mikono yako bure. Kisha iinue kitambaa juani utazame vitundu na mishono.

Wanaokuja Jumamosi hii: ni bamvua, maji yatakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Kofia ngumu ninazo. Njooni na viatu vya kufunga, maana chini kuna makombe makali. Na yule aliyekuja na kanzu wiki iliyopita, tafadhali, suruali.