Faiba kupasuka haimaanishi ni dhaifu

Huku Lamu kwa mafundi wa boti utaskia bomba la chuma likigongwa linapinda, ndio linameza kishindo, la faiba (nyuzi za kioo au kaboni zilizogandishwa kwa gundi) linapasuka tu halina kazi. Ukiliangalia kwa macho utaamini. Ila bomba la faiba likisagika kuanzia ncha moja, nyuzi zinakatika, tabaka zinaachana na kusuguana, na yote hayo yanakula nguvu ya mgongano, kilo kwa kilo aghalabu kushinda chuma, ndo maana pua za gari za Formula 1 ni kaboni. Lakini ncha inolewe mshazari, la sivyo linaweza kukatika katikati na hapo kweli halisaidii. Bana vipande viwili vya bomba la faiba kwa vaisi, kimoja kimoja, kutoka ncha hadi ncha, kimoja kiwe kimenolewa (vaa miwani, glavu na barakoa), uone kipi kinaliwa polepole na kipi kinapasuka ghafla.