Je, wajua kwa nini katuni iliyouzwa senti 10 leo hununuliwa kwa mamilioni ya dola?

Jioni moja nilinunua karanga stendi ya Mtwara. Muuzaji alizimimina kwenye karatasi aliyoikunja kama pembe, nikawa natafuna huku nasubiri daladala ya Mikindani. Zilipoisha ndipo nikaitazama ile karatasi. Ilikuwa ukurasa wa gazeti la katuni la zamani, wino umefifia, mafuta yamepenya hadi upande wa pili. Mwanamume mnene mwenye kofia anafukuzwa na mkewe kwa mwiko, na maneno ya yule mke yamekatika katikati pale karatasi ilipochanwa.

Sikuweza kuitupa. Novemba 2025, huko Texas, Marekani, toleo la kwanza la gazeti la katuni la Superman, la mwaka 1939, lilipigwa mnada likanunuliwa kwa dola milioni 9.12. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 20 za kwetu. Lilipotoka liliuzwa senti 10. Tena halikuchapwa kwenye karatasi ya kifahari. Ni karatasi ile ile ya bei poa ya gazeti, ndugu wa damu wa hii yangu ya karanga. Moja imefungiwa karanga, nyingine imejenga utajiri. Kumetokea nini hapo katikati?

Wengi watakujibu haraka kwamba ni kwa sababu ni ya kale. Lakini ukale peke yake hauleti bei. Kitabu cha hesabu cha shule cha mwaka huo huo wa 1939 hakigombewi na mtu. Kilichozipandisha bei katuni hizi ni kwamba karibu kila aliyekuwa nazo alizitupa.

Turudi mwaka 1938. Vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za shujaa wao Superman kwa dola 130. (Hundi waliyolipwa ilikuja kuuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Hundi tu!) Kabla ya kupata gazeti lenye jina lake mwaka 1939, shujaa huyo alitoka kwa mara ya kwanza katika gazeti jingine la katuni, Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938, na nakala zilizochapwa zilikuwa kama 200,000. Ilikuwa mali ya watoto. Walisoma, wakabadilishana, wakazikunja na kuzitia mfuko wa nyuma wa suruali, hamu ikiisha zinatupwa.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1941, karatasi kuukuu zikaanza kukusanywa ili zisagwe upya kwa mahitaji ya vita. Watoto walipita nyumba kwa nyumba kubeba mafungu, na katuni zao wenyewe zilikuwemo. Vita ikaisha, ikaja vita nyingine, ya wazazi na walimu walioamini kuwa katuni zinaharibu watoto. Katika baadhi ya miji zilichomwa moto hadharani. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kizima cha kuzishutumu, na Seneti ya nchi ikakaa kulisikiliza suala hilo. Zilizopona hapo zilimkuta mama anayefagia chumba cha mwanawe aliyekwenda jeshini. Leo nakala za Action Comics namba 1 zinazojulikana kubaki ni kama 100. Yaani katika kila nakala 2,000, imepona moja.

Ukitaka uthibitisho wa jambo hili, tazama kilichotokea mwaka 1992. Kufikia wakati huo watu walikwishasikia habari za bei kubwa, hivyo Superman namba 75, toleo ambalo shujaa anauawa, lilipotoka, watu walilinunua kwa mamilioni, wengine nakala kumi kumi, wakaziweka bila hata kufungua mfuko wake mweusi. Kila mtu akasubiri utajiri, na haukuja, maana kila mtu alitunza. Nakala hizo zipo tele hadi leo na nyingi huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Sababu ya pili ni mzaliwa wa kwanza. Wakusanyaji hutafuta toleo ambalo mhusika ameonekana kwa mara ya kwanza kabisa. Detective Comics namba 27 ya Mei 1939 ndiyo iliyomleta Batman. Namba 26 na 28 ni adimu pia, ila hazifikii bei hiyo hata kidogo. Spider-Man alitokea Agosti 1962 katika Amazing Fantasy namba 15, na nakala moja yake iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021.

Halafu inakuja hali ya karatasi yenyewe, na hapa mtu wa Kusini haelezwi sana, kwa sababu korosho imeshatufundisha. Unapeleka gunia lako chama cha msingi, zinakaguliwa: zilizokauka vizuri na safi ni daraja la kwanza, zilizonyeshewa au zenye madoa ni daraja la pili. Shamba lile lile, jasho lile lile, ila siku ya mnada bei mbili tofauti. Katuni nazo zina madaraja yake, kuanzia 0.5 hadi 10. Tangu mwaka 2000 ipo kampuni ya Marekani, CGC, ambayo kazi yake ni hiyo. Wanakagua ukurasa kwa ukurasa, wanaandika daraja, kisha wanaifungia nakala ndani ya kasha gumu la plastiki.

Tofauti ndogo ya daraja inaweza kushangaza. Februari 2010, Action Comics namba 1 ya daraja la 8.0 iliuzwa dola milioni moja. Mwezi uliofuata ikauzwa nyingine ya daraja la 8.5, kwa dola milioni moja na nusu. Nusu ya alama, dola laki tano.

Wanachokagua ni vitu ambavyo sisi hatuvioni kabisa: kona za jalada kama zimekuwa butu, mgongo kama una mikunjo midogo, rangi ya karatasi kama bado nyeupe au imekuwa kahawia, pini za stepla kama zimeshika kutu. Na jambo linalowaumiza wengi ni kwamba ukarabati hushusha bei. Ukiziba mpasuko kwa selotepu, au ukigusia rangi iliyobanduka, umeifanya nakala iwe na thamani ndogo kuliko ungeiacha na mpasuko wake.

Hapo ndipo ninapoiwazia pwani yetu kwa uchungu. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa wote, bila kuondolewa lignini, kile kitu kinachoupa mti ugumu. Lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano, kisha kahawia. Asidi iliyomo ndani ya karatasi nayo hukatakata nyuzi zake taratibu, mpaka ukiikunja inavunjika kama papadi. Joto huharakisha kazi hiyo, unyevu pia, na unyevu ukizidi huleta ukungu juu yake. Nasi tuna vyote, pamoja na upepo wa chumvi unaokula pini za stepla, na mchwa ambao hawahitaji utambulisho.

Ile nakala ya dola milioni 9.12 iliokolewa na hali ya hewa. Ndugu watatu waliikuta kwenye boksi darini kwa marehemu mama yao, kaskazini mwa California, chini ya rundo la magazeti ya kale. Kule hakuna joto kali. Mkusanyiko mwingine maarufu, wa mchoraji wa matangazo Edgar Church, ulipatikana mwaka 1977 mjini Denver, kwenye nyanda za juu zenye hewa kavu. Zilikuwa katuni zaidi ya 18,000, zimebanana mafungu kwa mafungu kiasi kwamba hewa na mwanga havikupata pa kupita. Nyingi zilikuwa kama zimetoka kiwandani jana.

Mjomba wangu wa Mikindani hakuwa na dari wala nyanda za juu. Alikuwa na sanduku la bati, chini ya kitanda, limeegemea ukuta wa mawe ya matumbawe, ukuta ambao masika hutoa jasho. Nilikwenda kwake siku ile ya karanga, nikamwamkia, nikamwomba alifungue. Alikuwa akinunua magazeti ya Sani miaka ya 1980, enzi za Ndumilakuwili, Lodilofa na Pimbi, wahusika wa mchoraji Philip Ndunguru, na alikuwa na vipande vya katuni ya Chakubanga, kazi ya Christian Gregory, alivyokata kutoka gazeti la Uhuru.

Harufu ilitutangulia kutoka, harufu ya vumbi na siki. Mchwa walikuwa wameingilia pembe ya chini, wakachimba tundu la mviringo lililopita katikati ya matoleo tisa. Pini zilikuwa zimeacha alama za kutu zenye umbo lake. Jalada moja alikuwa amelishona kwa selotepu kwa upendo mtupu, na selotepu imekuwa ya kahawia, gundi imehamia kwenye sura ya Lodilofa. Matoleo mawili tu, yaliyokuwa katikati ya rundo ndani ya bahasha ya khaki, yalikuwa mazima, kona zake bado kali.

"Haya yanauzwa?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli. Sani ya zamani haina kampuni ya kuipa daraja; bei ni maelewano ya wawili wanaopenda. Lakini masharti mawili tayari imeyatimiza: wahusika ambao nchi nzima iliwajua, na nakala ambazo karibu wote tulizifungia vitumbua. Thamani ya aina hiyo ipo hata kabla mnunuzi hajatokea, naye akitokea atakuta nini, kama hatukutunza?

Basi tukafanya kazi. Mazima mawili tukayatia kwenye bahasha mpya, kila moja na kipande cha kadi ngumu nyeupe nyuma yake ili lisipinde, tukatupia vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu. Selotepu hatukuibandua, maana ingeondoka na sura. Sanduku tukalipandisha juu ya matofali manne, mbali na ukuta na dirisha.

Kabla sijaaga nikamwonyesha ukurasa wangu wa karanga. Aliusogeza kwenye mwanga, akautazama kitambo, akaanza kucheka. Akaweka kidole pale palipochanwa, akanimalizia maneno ya yule mke, neno kwa neno.