Punguzo la Council Tax: data inaweza kumfikia asiyeomba

Tangu Aprili 2013, kila halmashauri ya England hujitungia utaratibu wake wa kuwapunguzia Council Tax, kodi ya makazi inayolipwa kwa halmashauri, watu wa umri wa kufanya kazi wenye kipato kidogo. Wastaafu wao wanalindwa na kanuni za taifa.

Zamani aliyeomba Housing Benefit, posho ya kodi ya pango, alimaliza na Council Tax kwa fomu hiyohiyo. Universal Credit, posho ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, inasaidia kodi ya pango, lakini punguzo la Council Tax linaombwa kando, halmashauri. Wengi hawajui hilo mpaka wito wa mahakama kwa deni la kodi hiyo uwafikie mlangoni.

Kazi yetu ya kuwatafuta wanaostahili punguzo lakini hawajaliomba huanzia kwenye akaunti za Council Tax. Tunaondoa wenye punguzo tayari, nyumba za wanafunzi pekee, na zile za kupangisha vyumba ambazo mlipaji ni mwenye nyumba. Zinazobaki tunazilinganisha na taarifa za Universal Credit zinazoletwa na Wizara ya Kazi na Pensheni, baada ya mwanasheria kuthibitisha kwamba zinaruhusiwa kutumika hivyo.

Hapo ndipo pagumu. Akaunti ya Council Tax kwa kawaida haina tarehe ya kuzaliwa wala namba ya bima ya taifa, kwa hiyo tunategemea UPRN, namba ya kipekee ya kila makazi. Bila hiyo, "Flat 2, 14" na "14B" kompyuta huziona nyumba mbili. Bili huwa kwa jina la mume, Universal Credit kwa jina la mke. Na majina yetu matatu ni balaa: mfumo mmoja hushika la baba kuwa ukoo, mwingine la babu. Namba ya makazi ikilingana na jina likikataa, usifute. Mpe mtu aangalie kwa macho.

Barua ya kuwaalika watu lazima ionye jambo moja. Punguzo hili linahesabiwa fedha za umma, na mwenye viza inayomkataza fedha hizo akiliomba anaweza kuvunja masharti yake. Nafuu ya asilimia 25 kwa anayeishi peke yake haimo katika katazo hilo.

Barua pekee, kwa maoni yangu, ni nusu ya kazi: mtu aliyeshindwa na fomu ya kwanza hupewa ya pili. Heri halmashauri iichukulie taarifa ya Universal Credit kuwa ndiyo ombi. Na itumie madaraja ya kipato, ili punguzo lisibadilike mpaka mtu avuke daraja; bila hayo, mshahara ukipanda na kushuka kidogo kila mwezi, bili mpya hutoka kila mwezi, na kwa kuwa lazima itangulie awamu ya kwanza ya malipo kwa siku 14, malipo husukumwa mbele mpaka awamu chache zilizobaki zinakuwa nzito. Mabadiliko hayo yanahitaji kushauriana na wakazi, kisha kupitishwa na madiwani kufikia tarehe 11 Machi ili yaanze Aprili.