Naanza na Nyota Moja

Mimi ni fundi mitambo. Kwa miaka 19 nimekaa nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, nikirekodi kwaya, bendi za dansi na vijana wa singeli, na muda wote huo shule yangu ya pembeni imekuwa albamu za roki za Uingereza na Marekani. Kila mwisho wa juma huchagua moja. Kabla sijaiweka kwenye spika, naingia kwenye maduka ya mtandaoni ambako wanunuzi huandika maoni yao, naziruka nyota tano zote, nashuka hadi chini kabisa kwa waliotoa nyota moja. Huko nacheka hadi machozi. Mtu ametoa fedha zake kununua albamu inayosifiwa dunia nzima, ameisikiliza huku anakaanga samaki, na sasa anaandika kama aliyeuziwa mchanga ndani ya mfuko wa sukari.

Nikishamaliza kucheka, narudi kwenye spika kutafuta kilichomuudhi. Mara nyingi kipo, tena palepale alipokitaja. Anayetoa nyota tano hukuambia kwamba albamu ni bora, imebadili maisha yake, inunue haraka. Ukimaliza kusoma hujui hata kama kuna gitaa ndani yake. Mwenye hasira anakutajia ngoma inayomkera, wimbo wa ngapi, na dakika gani jirani aligonga ukuta. Kwa fundi, hiyo ni taarifa ya kufanyia kazi.

Chukua St. Anger ya bendi ya Metallica ya Marekani, iliyotoka mwaka 2003. Ukisoma maoni yake utadhani unasoma orodha ya vyombo vya nyumbani: sufuria, debe, pipa la taka, mfuniko. Wote wanailalamikia ile ngoma ndogo inayokaa katikati ya magoti ya mpigaji, ambayo sisi tunaiita sneya. Chini ya ngoma hiyo, zikigusa ngozi ya chini, hupita nyaya nyembamba zilizosokotwa. Mpigaji akichapa ngozi ya juu, nyaya zinatetemeka na kutoa ule mlio mkavu unaokatika mara moja. Pembeni kuna kitasa kidogo cha kuzibana au kuziachia. Lars Ulrich, mpiga ngoma wao, alirekodi nyaya zikiwa zimeachiwa, akaridhika na mlio, ukabaki hivyo albamu nzima. Sneya isiyo na nyaya ni mviringo mtupu wenye ngozi mbili, na sauti yake inaning'inia hewani badala ya kukatika. Kwa hiyo aliyeandika "debe" hakutukana. Amesikia sawasawa, na kwenye studio yangu angefaulu mtihani wa wiki ya kwanza. Albamu yenyewe ilianzia namba 1 Marekani na wimbo wake mmoja ukapata tuzo ya Grammy mwaka 2004, lakini hayo hayakuzirudisha nyaya mahali pake.

Kwa bendi hiyohiyo, rudi nyuma hadi mwaka 1988, kwenye ...And Justice for All. Huko swali ni moja miaka yote: besi iko wapi? Jason Newsted alikuwa mgeni, ameingia baada ya mpiga besi aliyemtangulia, Cliff Burton, kufariki katika ajali ya basi nchini Uswidi mwaka 1986. Alipiga besi yake yote, ikarekodiwa, na ukisikiliza albamu huisikii. Steve Thompson, mmoja wa waliomiksi, amesema hadharani kwamba Ulrich ndiye aliyetaka besi ishushwe. Kuna na sababu ya kifundi: besi ilikuwa inafuata noti zilezile za gitaa la rizimu, na magitaa yenyewe yalikuwa yamejazwa uzito wa chini. Sauti mbili zikigombea kiti kimoja, moja inasimama. Mimi albamu hiyo naipenda hivyohivyo, ukavu wake ndio unaoipa makali, lakini anayelia besi siwezi kumwambia kakosea.

Ya tatu ni Death Magnetic ya mwaka 2008, na hapa wasikilizaji walifanya kazi ya kifundi kabisa. Nyimbo zake zilitolewa pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, na mashabiki wakagundua kwamba za kwenye mchezo zinapumua kuliko za kwenye CD. Wakayaweka mawimbi ya sauti bega kwa bega kwenye kioo cha kompyuta. Za mchezo zilikuwa na vilima na mabonde. Za CD zilikuwa tofali.

Tofali hilo linatengenezwaje? Sauti ya dijiti ina dari, na hakuna anayeweza kuitoboa. Ukitaka wimbo wako usikike mkubwa kuliko wa mwenzako, unavibana vilele vya ngoma vishuke, kisha unainua wimbo wote kwa pamoja hadi uguse dari. Ukibana kwa kiasi, wimbo unapata nguvu. Ukizidisha, vilele vinakatwa kabisa na sikio linapokea mkwaruzo pale palipokuwa na mpigo. Zaidi ya watu 10,000 walitia saini ombi la kutaka albamu imiksiwe upya, na Ted Jensen, aliyeifanyia masteringi, yaani hatua ya mwisho ya kuipanga sauti kabla albamu haijatoka, akaeleza kwamba kazi ilimfikia ikiwa tayari imebanwa. Kila ninapokutana na mtu aliyeandika kwamba albamu fulani imemuumiza kichwa kufikia wimbo wa nne, namwamini. Sikio lisilopewa bonde la kupumzikia huchoka, hata kama mwenye sikio haelewi kilichomchosha. Wateja wangu wengi huja wakisema "nipandishie, iwe kubwa kuliko ya fulani", nami huwasikilizisha kwanza tofali hili.

Lakini si kila nyota moja inatoka kwenye albamu. Nyingine zinatoka kwenye chombo cha msikilizaji. Mwaka jana kijana ninayemfundisha kazi alitaka kuisikia The Dark Side of the Moon ya bendi ya Pink Floyd. Akaisikiliza ndani ya daladala, kwa simu, na eafoni za kununua barabarani. Jioni alikuja amekunja uso.

"Kaka, ile albamu yako ina matatizo. Nimepandisha sauti mpaka mwisho, kimya. Baadaye zikanilipukia kengele za saa masikioni, nikaruka mpaka konda akaniuliza kama naumwa."

"Mdogo wangu," nikamwambia, "hujakosea hata sehemu moja."

Albamu hiyo ya mwaka 1973 inaanza na mapigo ya moyo yanayochomoza kutoka kwenye ukimya, na mapigo hayo ni ya sauti ya chini sana. Eafoni ndogo haziwezi kuyabeba, na zikiweza, injini ya daladala inayameza. Tena sikio lenyewe lina ubaguzi wake: Fletcher na Munson, watafiti wa maabara ya Bell Labs ya Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba kadiri sauti inavyopungua, ndivyo tunavyopoteza za chini mapema kuliko za kati. Albamu ile ile, volyumu ndogo, inabaki bila miguu. Kisha unafika wimbo wa Time, na saa zile zinalia zote kwa pamoja. Alan Parsons, fundi wa studio ya Abbey Road jijini London, alizirekodi moja moja kwenye duka la saa za kale, akikusudia kufanyia majaribio ya sauti ya spika nne. Kutoka kengele hizo hadi mwimbaji afungue mdomo zinapita zaidi ya dakika mbili. Kwa kijana wa singeli dakika mbili ni nusu ya sherehe.

Nikamketisha studio, taa nikazima, nikaianza upya. Moyo ulipodunda alishika meza, maana aliusikia kwa kiganja kabla ya masikio. Ilipofika sauti ya mwimbaji Clare Torry katika The Great Gig in the Sky akauliza, "Huyu mama anasema nini?" Hasemi neno hata moja. Aliingia studio siku ya Jumapili, akalipwa pauni 30, akaambiwa aimbe bila maneno. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 2005, baada ya kwenda mahakamani, ndipo alipokubaliwa kuwa mmoja wa watunzi wa wimbo huo.

Chombo kibovu kimewaponza hata waliokuwa wakilipwa kusikiliza. Mwaka 1967 mhakiki Richard Goldstein aliiponda Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles kwenye gazeti la New York Times, na barua za hasira zikamiminika. Baadaye alieleza kwamba chombo alichosikilizia kilikuwa na kasoro. Kwa albamu ile hilo si jambo dogo. The Beatles walikaa studio kusimamia miksi ya mono, yenye mkondo mmoja wa sauti, ndiyo waliyoijali. Ya stirio, yenye mikondo miwili, ilifanywa haraka bila wao, na desturi ya wakati ule ilikuwa kusukuma sauti za waimbaji upande mmoja na vyombo vingi upande wa pili. Spika moja ikilegea, unabaki na nusu ya wimbo, na nusu hiyo ndiyo utakayoihukumu.

Sasa ondoa nyaya, besi, dari na spika mbovu. Kinachobaki ni masikio ya mtu na alikokulia, na hapo mafundi tunapaswa kunyamaza kidogo. Mwaka 2016 mtafiti Josh McDermott na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti waliofanya kwa Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi mbali na muziki wa redio. Waliwapigia sauti mbili pamoja, zinazopatana na zinazogongana kwa sikio la Kimagharibi. Watsimane walizitofautisha, lakini hawakuona moja ni tamu kuliko nyingine. Mimi jambo hilo halikunishangaza, kwa kuwa nimerekodi taarab. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, akigusa ile noti inayokaa katikati ya noti mbili za piano, mshiriki wa kwaya yangu anakunja uso akidhani ala imelegea, na mama mmoja wa Unguja aliyekaa nyuma anafumba macho kwa raha.

Na tunaambukizana. Mwaka 2006 watafiti Salganik, Dodds na Watts walichapisha jaribio ambamo waliwapa watu 14,341 nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wengine walichagua bila kujua wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi 8, kila kundi likiona idadi ya waliopakua ndani ya kundi lao tu. Wimbo mmoja ulishika nafasi ya 1 katika kundi moja na ya 40 katika jingine. Wimbo uleule, rekodi ileile. Ndiyo maana nawaheshimu wenye nyota moja: wamesimama mbele ya maelfu ya nyota tano wakasema walichosikia.

Nimpe nafasi na mtoto wa Unguja, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946 na kujulikana baadaye kama Freddie Mercury. Bendi yake, Queen, ilipotoa albamu ya Jazz mwaka 1978, Dave Marsh wa jarida la Rolling Stone aliandika kwamba huenda hiyo ndiyo bendi ya kwanza ya roki ya kifashisti kweli, na We Will Rock You, wimbo wao wa mwaka uliotangulia, akausikia kama amri ya gwaride. Shtaka hilo silikubali hata chembe. Lakini gwaride alilisikia kweli, kwa sababu lilijengwa. Watu wachache walikanyaga mbao na kupiga makofi, wakarekodiwa tena na tena, kisha Brian May, ambaye ni mwanafizikia, akazichelewesha nakala kwa vipimo vya namba tasa, zile zisizogawanyika kwa namba nyingine, ili sikio lisipate mwangwi bali lione umati umesimama kwa upana. Ngoma halisi hakuna. Marsh aliliogopa jeshi ambalo lilikuwa ni miguu ya watu wachache na tepu.

Namaliza na albamu niliyoisoma maoni yake kuliko zote, Metal Machine Music ya mwanamuziki wa roki wa Marekani Lou Reed, ya mwaka 1975. Santuri mbili, zaidi ya saa moja ya magitaa yakipiga mayowe mbele ya spika zake yenyewe, bila wimbo, bila neno, na upande wa nne umechongwa mfereji unaojirudia ili kelele isiishe hadi uinuke mwenyewe kuinyanyua sindano. Jaladani yuko Reed jukwaani, kama albamu nyingine yoyote ya roki. Wanunuzi wengi walizirudisha dukani, nami naona walikuwa na haki, maana picha iliwaahidi kitu kingine. Kisha mwaka 2002, mjini Berlin, kundi la Zeitkratzer liliipiga kelele hiyo jukwaani kwa ala za nyuzi na za kupuliza. Mpiga saksafoni Ulrich Krieger alikuwa ameisikiliza akaiandika kwenye karatasi za noti, na Reed mwenyewe akapanda kupiga nao.

Nimeisikiliza yote mara tatu, kwa spika nzuri, taa zikiwa zimezimwa. Nimeipa nyota mbili, na nimeandika dakika zote ambazo masikio yangu yalishindwa, pamoja na dakika nne za upande wa pili ambazo ningetamani nizirekodi mimi.