Je, wajua kwa nini nyambizi ya futi 11 huonekana kama meli kubwa katika filamu?

Katika filamu ya Disney ya mwaka 1954, 20,000 Leagues Under the Sea, nyambizi Nautilus hupita baharini kwa uzito wa chombo cha futi 200, ilhali modeli iliyotumika katika baadhi ya picha hizo ilikuwa na futi 11 tu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siri ilikuwa kuiburuta modeli polepole. Dhana hiyo haing'oki kirahisi, lakini ijaribu kwa mashua ya mtoto ndani ya beseni: mashua itatii, maji yatakataa. Isukume taratibu upendavyo, viwimbi vya ubavuni mwake vitapanda na kushuka kwa haraka ileile ya maji ya beseni, na jicho lililokwisha kuiona bahari halidanganyiki. Kinachopaswa kupunguzwa kasi si modeli, bali ni wakati wenyewe.

Chukua mnazi wa mita 20. Nazi ikidondoka kutoka kileleni hufika chini kwa takriban sekunde 2. Sasa upunguze mnazi huo mara 16, ubaki na mita moja na robo: nazi yake itafika chini kwa nusu sekunde. Urefu umepungua mara 16, lakini muda umepungua mara 4 tu, yaani kipeuo cha pili cha 16. Ili nazi hizo mbili zifanane machoni, kamera hupiga fremu 96 kwa sekunde badala ya 24 za kawaida, kisha filamu huonyeshwa kwa mwendo wa siku zote. Kwa hiyo, ikiwa nyambizi halisi huenda mita 8 kwa sekunde, modeli yake iliyopunguzwa mara 16 haijikokoti kwa nusu mita, kama nilivyodhani, bali hukimbia mita 2.

Kanuni hii huhusu hasa mawimbi na maji yanayomwagika. Kwa nyambizi iliyozama kabisa, ambayo haina wimbi la kuisaliti, hubaki mwongozo tu. Tena viputo havijali kipimo cha mtu: katika modeli iliyopunguzwa mara 16, kiputo cha sentimita 1 huonekana kama cha sentimita 16. Ndiyo maana modeli kubwa hupendelewa, na ile kubwa kuliko zote za Seaview, nyambizi ya Voyage to the Bottom of the Sea ya mwaka 1961, ilizidi futi 17. Fantastic Voyage ya mwaka 1966 ilichagua kuyakwepa maji: waigizaji wanaoonekana wakiogelea ndani ya mwili wa binadamu walining'inizwa kwa nyaya katika studio kavu, kamera ikipiga fremu nyingi zaidi kwa sekunde.

Kioja kinachonifurahisha zaidi, hata hivyo, ni cha Nautilus yenyewe. Lenzi ya CinemaScope, mfumo wa filamu za skrini pana, huibana picha kwa upana, na projekta huitanua tena. Kwa kuwa lenzi hizo zilikuwa adimu, mafundi waliunda modeli nyingine iliyobanwa tangu mwanzo, wakaipiga kwa lenzi ya kawaida, na projekta ikairudishia umbo lake.