Krimu inayoifanya seli ya saratani ijiue

Mgonjwa aliyeandikiwa krimu ya imikwimodi kwa saratani ya ngozi ya juujuu, ile iitwayo basali, hurudi kliniki baada ya wiki mbili hivi akilalamika. Baka dogo lililokuwa haliumi sasa ni jekundu, limevimba, linatoa majimaji na kufanya gaga. "Daktari, dawa imeniunguza."

Hapana, kilichomvimbisha ni kinga yake mwenyewe. Imikwimodi hunasa kwenye kipokezi kiitwacho TLR7, ambacho kazi yake ni kunusa virusi. Seli za kinga hudhani virusi vimeingia, nazo humwaga saitokini, protini za kupashana habari: interferoni, TNF na nyinginezo.

Sasa, kila seli huzaliwa na mpango wa kujiua. Tangu mwaka 1972 wataalamu wanauita apoptosisi. TNF, au nduguye TRAIL, ikishika kipokezi chake juu ya seli ya saratani, ndani huamka kimeng'enya kaspasi-8, nacho huamsha wenzake. Hao hukata protini kama mkasi, DNA hukatwakatwa, seli husinyaa na kugawanyika vifuko vidogo ambavyo seli walaji huvimeza. Interferoni kwa sehemu kubwa hufanya kazi tofauti: huilazimisha seli ya saratani ianike utambulisho wake, seli za kinga ziitwazo T ziione na kuiua.

Mtu atauliza, kwa nini TNF isidungwe tu kwenye mshipa? Ilijaribiwa; shinikizo la damu liliporomoka vibaya. Ndiyo maana, kwa melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) iliyotapakaa mguuni, madaktari wa upasuaji huutenga kwanza mzunguko wa damu wa mguu huo, ili TNF ibaki humo tu.

Na saratani ni janja. Mwaka 2016 watafiti walieleza melanoma zilizopoteza JAK1 au JAK2, protini zinazopokea ujumbe wa interferoni ndani ya seli. Barua inafika, msomaji hayupo; tiba ya kinga, yaani dawa za kuichochea kinga ipambane na saratani, ikagonga mwamba.

Kwa hiyo usiitupe krimu kwa sababu ya wekundu. Kwa basali hupakwa usiku, siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, ikaoshwa asubuhi. Kidonda kikizidi, au ukipata homa, njoo. Huenda tukakupumzisha siku chache kisha uendelee. Ila saratani ya skwamasi iliyozama, aina nyingine ya saratani ya ngozi, ambayo huwasumbua sana ndugu zetu wenye ualbino, haingojei krimu. Hiyo hukatwa, na mapema.